Saksafoni ya Mwanafunzi: Historia ya Bei na Umiliki

Historia ya saksafoni imezoeleka kuandikwa kwa kufuata majina ya wapulizaji mashuhuri, lakini kilichoamua ala hii ienee wapi na imfikie nani ni jambo la kawaida zaidi, nalo ni nani aliyelipia saksafoni ya kwanza ya mwanafunzi. Adolphe Sax, fundi Mbelgiji mzaliwa wa Dinant, alipopata mjini Paris mwaka 1846 hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwa mtengenezaji pekee wa kitu alichokibuni, alikuwa ameunda bomba la shaba linalopanuka kadiri linavyoshuka, lenye ulimi mmoja wa tete kama ule wa klarineti. Upanuzi huo ndio uliorahisisha kujifunza, kwa kuwa mpulizaji anayepanda kutoka sauti moja hadi sauti ya nane yake huendelea na mpangilio uleule wa vidole, ilhali klarineti, ambayo bomba lake halipanuki namna hiyo, humtaka ajifunze mpangilio wa pili. Ugumu ulikuwa katika gharama ya kuiunda na kuitunza. Saksafoni ina matundu zaidi ya 20, yenye vifuniko vilivyowekewa pedi za ngozi ambazo hazina budi kuziba kabisa, na pedi moja inapovujisha hewa, sauti za chini hukwama, hata mwanafunzi akadhani kasoro iko katika pumzi yake.

Wanafunzi wa mwanzo hawakuubeba mzigo huo wa gharama. Darasa alilofundisha Sax katika chuo kikuu cha muziki cha Paris kuanzia mwaka 1857 lilikuwa la wanajeshi, na ala za bendi za jeshi ni mali ya jeshi. Vita vya Ufaransa na Prussia vya mwaka 1870 vililifunga darasa hilo, nalo halikufufuliwa hadi mwaka 1942.

Kwa kuwa hataza ilikwisha muda wake mwaka 1866, mafundi wengine walikuwa huru kuunda saksafoni, na mji wa Elkhart, katika jimbo la Indiana nchini Marekani, ukawa kitovu cha viwanda kama Conn na Buescher. Hapo ndipo mwanafunzi alipogeuzwa kuwa mnunuzi. Katika miaka ya 1920 viwanda hivyo viliuza kwa malipo ya kidogo kidogo, vikapendelea hasa saksafoni iitwayo C melody, ambayo sauti zake zililingana na za piano, hivi kwamba mtu aliyekaa sebuleni na nduguye mpiga piano aliweza kusoma karatasi ileile ya noti, jambo lisilowezekana kwa saksafoni za alto na tenor bila kuzihamisha noti. Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliizima biashara hiyo. Jaribio la Grafton, saksafoni ya plastiki iliyoanza kuuzwa London mwaka 1950 kwa bei nafuu, lilistahili mafanikio makubwa zaidi kuliko liliyoyapata: mpulizaji wa jazz Charlie Parker aliipuliza mjini Toronto mwaka 1953, na mwenzake Ornette Coleman akajulikana nayo, lakini plastiki yake ilipasuka kwa urahisi na kuitengeneza kulikuwa kazi ngumu.

Unafuu wa kudumu ulitoka Asia. Huko Houli, katikati ya Taiwan, Chang Lien-cheng aliifungua katika miaka ya 1940 saksafoni iliyoungua moto, akachora vipande vyake kimoja kimoja na kuunda ya kwake, na kutoka karakana yake kikatokea kizazi kizima cha mafundi. Yamaha ya Japani nayo ilitoa saksafoni yake ya kwanza mwaka 1967.

Tanzania ilifuata njia nyingine, iliyo karibu zaidi na ile ya bendi za jeshi. Bendi za dansi za awali, kama Dar es Salaam Jazz Band ya mwaka 1932, zilikuwa vilabu vya wanachama, na baada ya Uhuru taasisi zikashika nafasi hiyo: NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, zikafuata bendi za Umoja wa Vijana, Polisi, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na Shirika la Bima. Vyombo vilikuwa mali ya taasisi, kwa hiyo mwanamuziki aliyehama bendi aliviacha, na kijana aliyeingia alikabidhiwa saksafoni iliyokwisha kupita katika mikono ya wengi. Utaratibu huo ulimfunga msanii kwa mwajiri, na hilo halipaswi kufichwa. Hata hivyo ulimpa asiye na fedha ala, mwalimu na jukwaa kwa pamoja. Kinanda cha umeme kilipochukua nafasi ya wapulizaji katika bendi nyingi kufikia miaka ya 1990, nafasi hiyo ya kujifunza ilipungua sana, na kijana anayetaka saksafoni sasa huinunua mwenyewe, mara nyingi ikiwa imekwisha kutumika, bila mkongwe wa bendi wa kuipuliza kwanza na kumwonyesha pedi inayovuja.