Maganda ya Ndizi Hayakuanzia TikTok

Wacha nianze kwa kulipa deni. Mwaka jana nilipakia video fupi: unaloweka maganda ya ndizi kwa chupa ya maji siku tatu, unamwagia mimea yako ya mikebe, basi, umepata mbolea ya bure. Sijawahi kupata watazamaji wengi vile. Wiki tatu baadaye komenti zikabadilika. Mmoja dhania yake imekuwa ya njano. Mwingine nyumba imejaa vile vijidudu vidogo vya kuruka. Wa tatu hakungoja hata maji, alifukia maganda mabichi kwa mkebe wa sukuma wiki, ikanuka mpaka jirani akamshtaki kwa keateka. Halafu mama mmoja akaandika bila hasira yoyote: "Kijana wangu, hata shosho yako hangekuambia hivyo. Taka haiwi mbolea mpaka ioze."

Nilitaka kumjibu kwa kiburi. Nikakosa la kusema, kwa sababu video yenyewe nilikuwa nimeiiga kwa mzungu fulani, na sikuwa nimejiuliza hata siku moja watu wa hapa walikuwa wakifanya nini na taka za jikoni kabla intaneti ije. Chuo niliacha, kwa hivyo siku hizi nasoma kwa simu, usiku, bando ikiwa rahisi. Nikaanza kuchimba.

Stori inaanza mbali kuliko nilivyodhani. Kule Narok kuna vipande vya nyasi vya duara vilivyo kijani kuliko nyika inayovizunguka, na wanyama wa porini huvipenda. Mwaka 2018 watafiti walichapisha kwa jarida la Nature matokeo ya kuchimba sehemu tano kama hizo. Waligundua ni maboma ya wafugaji wa kale, ya kati ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita. Mifugo ililala hapo, samadi ikarundikana, watu wakahama. Udongo wa hapo bado una fosforasi, kalsiamu na naitrojeni nyingi kuliko ulio nje ya duara. Miaka elfu tatu! Mimi mbolea ya mkebe wangu haifiki mwezi. Na wale wafugaji hawakuwa wanatengeneza mbolea. Walikuwa wanaishi tu, kisha wakaondoka, na muda ukafanya kazi iliyobaki.

Hilo neno muda lishike, tutalirudia.

Watu waliokuja kulima hii nchi walilijua hilo jambo bila maabara. Wakikuyu walikuwa na kĩara, rundo la taka la boma: maganda, majivu ya mekoni, mavi ya mbuzi, majani yaliyofagiliwa uani. Waluo wana neno gunda, mahali palipokuwa boma la watu na pakaachwa. Kila mtu alijua gunda ina rutuba, kwa hivyo watu walirudi kupalima. Ukienda ocha hata leo utaona malenge yamejiotea kando ya rundo la taka, na managu mabichi kabisa ambayo hakuna aliyeyapanda. Shosho wangu alikuwa akituma watoto wachume mboga huko huko, na sisi tuliona aibu kula kitu kilichomea kwa taka. Aibu hiyo tuliitoa wapi? Ndiyo swali lililonikosesha usingizi kuliko lile la dhania.

Jibu langu, na hapa natoa maoni yangu, ni kwamba iliingia kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza ni wa kikoloni na una vituko. Kati ya 1924 na 1931 Mwingereza anaitwa Albert Howard alikuwa anaendesha kituo cha utafiti wa mimea huko Indore, India. Akatengeneza utaratibu wa kupanga taka za mimea, samadi, majivu na udongo kwa tabaka, kuzigeuza mara kadhaa, na kupata mboji kwa miezi kama mitatu. Uzuri wake ni kwamba hakujifanya ameanza yeye. Alisema wazi kuwa wakulima wadogo wa India walikuwa walimu wake, na kwamba alijifunza pia kutokana na habari za wakulima wa Uchina. Kitabu kilitoka 1931. Kufikia 1933 utaratibu huo ulikuwa umefika Kiambu, kwa shamba la kahawa la walowezi lililoitwa Kingatori, na Howard mwenyewe alikuja kulitembelea.

Sasa waza hiyo picha. Taka za mimea zinarundikwa kwa shamba la mzungu Kiambu, wakati ambapo Waafrika wengi wa Kenya walikuwa wamekatazwa kulima kahawa. Na ng'ambo ya ua, kwa kila boma la Kikuyu, kuna kĩara. Upande mmoja inaitwa sayansi, upande wa pili inaitwa uchafu. Nisiwe mchoyo lakini: Howard aliongeza kitu. Kĩara ilioza vile ilitaka. Yeye alipima, akahesabu siku, akaingiza hewa. Hiyo ni kazi ya kweli, na ndiyo inayotufaa sisi wa mikebe. Shida ni kile kilichofuata. Baada ya vita vya pili vya dunia serikali ya kikoloni iliingia na kampeni za kuhifadhi udongo. Mboji ilihimizwa, lakini kilichouma zaidi ni kuchimba matuta kwa lazima, kazi ambayo iliwaangukia wanawake. Mwaka 1948 wanawake wa Murang'a walikataa, wakaandamana, wengine wakakamatwa. Ukilazimishwa kutunza udongo na mtu aliyekupokonya ardhi nzuri, hata ushauri mzuri unanuka.

Mlango wa pili ni gunia la dukani. Wajerumani walianza kutengeneza naitrojeni kiwandani kwa wingi kutoka hewani mwaka 1913, pale Oppau. Siikashifu, mahindi mengi tunayokula yanasimama juu yake. Ila ilipofika vijijini mwetu ilikuja na heshima ya maendeleo. Mwenye gunia nyeupe lenye maandishi alikuwa mkulima wa kisasa. Mwenye rundo nyuma ya nyumba alikuwa tu mtu hana pesa. Heshima hiyo imetugharimu: mwaka 2022 gunia la kilo 50 lilipita shilingi 6,000, serikali ikaingiza ruzuku ikashusha mpaka 3,500, kisha 2,500 mwaka 2023, na 2024 tukasikia wakulima wameuziwa magunia ambayo ndani si mbolea. Hiyo yote mlifuata kwa habari, siirudii.

Wakati huo huo sisi watoto wa wenye rundo tulihamia mjini, na hapa ndo nadhani mambo yalikatika. Tuliosoma video za mzungu hatukuwa tumesahau maarifa. Tulikosa pahali. Nyumba ya chumba kimoja kwa ghorofa ya tano haina nyuma ya nyumba. Taka zote za jikoni, ambazo ni zaidi ya nusu ya taka za Nairobi, zinaingia kwa mfuko mmoja na pampas na chupa, zinabebwa hadi Dandora. Jaa hilo lilifunguliwa 1975 na likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Bado lori zinaingia. Yaani kĩara kubwa kuliko zote nchini iko Dandora, na hakuna anayeweza kupanda managu hapo akale kwa amani, kwa sababu tumechanganya maganda na betri.

Kuna mara moja ambapo jiji lilipata pahali kwa nguvu. Mapema 2008, fujo za uchaguzi zikiwa zimefunga barabara na reli ikiwa imeng'olewa Kibera, chakula kilikuwa shida. Mwaka huo shirika la Kifaransa la Solidarités likasambaza kilimo cha magunia huko. Gunia linajazwa udongo na mbolea, katikati unasimamisha mkebe usio na kitako uliojaa mawe, unauvuta juu kidogo kidogo gunia likijaa, ili ubaki mnara wa mawe wa kupitishia maji. Sukuma na spinachi zinatoka kwa mashimo ya pembeni. Kwangu mimi hilo gunia ni boma dogo: limerudisha shamba hatua mbili kutoka mlango wa jikoni, pale lilipokuwa zamani.

Nirudi kwa dhania mliyoipoteza, maana historia bila hiyo ni porojo. Mama yule alikuwa sawa kwa sababu hii. Ukifukia maganda mabichi, wadudu wadogo wasioonekana wanaoyaozesha ndio wanaokula kwanza, na wanachota naitrojeni ya udongo kufanya hiyo kazi. Shambani kuna udongo wa kutosha kwa wote. Kwa mkebe wa Kasuku wa kilo mbili hakuna, mmea unabaki njaa na hewa inaisha mizizini. Pili, maganda ya ndizi yana potasiamu nyingi na naitrojeni kidogo. Dhania na sukuma ni majani, zinataka naitrojeni. Hata ningeyaozesha vizuri, peke yake hayangetosha. Tatu, ile ya kumwaga majani chai kwa maua: wanaoifundisha wanakunywa chai ya rangi. Sisi tunachemsha na maziwa na sukari. Ukimwaga hayo umefuga siafu na ukungu, kwa hivyo yasuuze kwanza. Maganda ya mayai mazima yatakaa pale hadi uhame nyumba. Yasage yawe unga. Na majivu ya jiko ni kijiko, si sahani, yakizidi yanaharibu udongo na kuchoma mizizi.

Ninachofanya saa hii ni utaratibu wa Howard uliopunguzwa ukaingia kwa ndoo. Ndoo mbili za rangi za zamani, nimezitoboa chini na pembeni, ziko juu ya paa kwa ruhusa ya keateka. Kila nikimwaga maganda ya waru na mabaki ya kabeji, nafunika na vitu vikavu mara mbili au tatu yake: majani makavu, katoni iliyochanwa, unga wa mbao kutoka kwa seremala wa mtaa. Udongo kidogo juu. Nageuza kila wiki. Nyama na mafuta hapana, panya watakuja. Ndoo ikijaa naiacha, naanza ya pili. Kama miezi mitatu inatoka kitu cheusi kinachonuka kama msitu baada ya mvua, nachanganya kipimo kimoja na vitatu vya udongo. Ndoo ya kwanza niliiharibu, niliweka maji mengi ikawa uji.

Sheria iko upande wetu, kama inawasaidia. Nairobi ilipitisha sheria ya kilimo cha mjini mwaka 2015, na sheria ya kitaifa ya taka ya 2022 inatutaka tutenganishe zinazooza na zisizooza hapo nyumbani. Kwa ploti yetu kuna watu wanne tunaotenganisha. Jumanne lori likija, mifuko yote inatupwa pamoja, isipokuwa ya hao wengine watatu, ambao sasa wananiletea maganda yao Jumatatu jioni.

Ile video ya ndizi sijaifuta. Nimebandika komenti ya yule mama juu kabisa, ndiyo ya kwanza mtu anasoma.