Barakoa na umbali wa mita moja: Kasongo na Kabambare

Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Kongo yetu alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Siku nane baadaye Rais Félix Tshisekedi alifunga makanisa na shule, akakataza mikutano ya watu zaidi ya 20. Hali ya dharura ilidumu hadi Julai. Makanisa yakafunguliwa Agosti.

Kusini mwa Maniema sheria hizo hazikuwa na uzito sawa kila mahali. Kanisani, mzee akisimama mlangoni na ndoo ya maji, barakoa ni rahisi kudai. Sokoni ni vigumu: mama anayeuza mchele ili watoto wale jioni hawezi kukaa nyumbani. Katika machimbo ya dhahabu ya Kabambare watu hufanya kazi bega kwa bega. Matangani ni vigumu zaidi, maana kumnyima mfiwa mkono huhesabiwa kuwa dharau.

Basi, ndugu, kutotii si ukaidi siku zote. Anayetaka sheria ishikwe alete kwanza vitambaa, maji na sabuni, na awafundishe watu kufariji bila kugusana.