Nani mwenye mizani Bariadi?

Wadau, leo turudi nyuma kidogo. Mkoa wa Simiyu ni mchanga, umemegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Lakini wakulima wake kushikana si jambo la jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Wasukuma walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi wa pamba. Wakaweka wapimaji wao, wakachangishana, na mwaka 1955 Paul Bomani na wenzake wakawa na shirikisho lao la ushirika, VFCU, lililokuja kumiliki hadi viwanda vya kuchambua pamba. Walianza na mizani, si ruzuku.

Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vya ushirika. Nafaka ikawa ya NMC, pamba ikawa ya mamlaka yake. Sheria ya 1982 ikavirudisha; kwa maoni yangu vilirudi kwa amri kama vilivyoondoka, ndiyo maana havikupata tena meno.

Sasa fedha za siku hizi. Sheria ya 2018 ililazimisha kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Mkopo usio na riba. Kwa wilaya kama Meatu, ambako vijana wanasindika maziwa ya ng'ombe wa hapohapo, si mchezo. Aprili 2023 mikopo ikasitishwa nchi nzima (ng'ombe hawakupewa taarifa, waliendelea kukamuliwa). Ikarudi 2024, halmashauri 10 zikiteuliwa kuijaribu kupitia benki. Itilima, jirani na Bariadi, imo.