Mwili wa Kielelezo na Mchimbaji wa Kivu: Uigaji wa Kompyuta katika Historia ya Upimaji wa Mionzi Mwilini

Mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, umo katika ukanda wa koltani: Rutsiro iko kusini yake, na Masisi iko ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Madini hayo huwa na urani na thoriamu kwa viwango vidogo vinavyotofautiana kutoka mgodi hadi mgodi. Mchimbaji anayeyaponda yakiwa makavu huvuta vumbi lake, na sehemu ya vumbi hilo huweza kubaki mapafuni. Kiasi kinachobaki hakijulikani bila kipimo, na kipimo chenyewe hutegemea mwili uliochorwa kwenye kompyuta.

Asili ya kipimo hicho inaigusa Kongo. Mwaka 1922 madini ya Shinkolobwe, Katanga, yalianza kusafishwa Olen, Ubelgiji, ili kupata radiamu. Baadaye yalitoa sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa Marekani wa bomu la atomiki. Katika maabara ya Los Alamos, iliyoanzishwa kwa ajili ya mradi huo, Stanislaw Ulam na John von Neumann waliasisi mbinu ya Monte Carlo mwaka 1946 na 1947. Kwa mbinu hiyo, kompyuta hufuatilia safari ya chembe moja baada ya nyingine, ikiamua kila hatua kwa bahati nasibu, hadi safari nyingi zitoe wastani wa kuaminika.

Mbinu hiyo ilifaa pia katika tiba na afya kazini. Mapafu ya mtu aliye hai hupimwa kwa kigunduzi kinachowekwa nje ya kifua ili kuhesabu mionzi ya gama inayopenya. Mionzi ya urani ni hafifu, na ukuta wa kifua huinyonya kulingana na unene wake. Uigaji hukadiria sehemu iliyofanikiwa kutoka, ndipo hesabu ya kigunduzi igeuzwe kuwa kiasi kilichomo mwilini.

Swali la kihistoria ni mwili wa nani ulioigwa. Mwaka 1975 Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi ilimweleza mtu wa kigezo kuwa Mzungu wa miaka 20 hadi 30, mwenye kilo 70 na sentimita 170, aishiye Ulaya Magharibi au Amerika Kaskazini. Vielelezo vya 2009, vilivyotokana na picha za skana za watu halisi, viliweka mwanamume wa kilo 73 na mwanamke wa kilo 60. Mchimbaji mwenye kifua chembamba kuliko kielelezo atakadiriwa kuwa na urani nyingi kuliko aliyo nayo; mwenye kifua kinene atakadiriwa kuwa na kidogo, na hatari yake itafichika.

Rwanda ilijiunga na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki mwaka 2012. Hatua inayofuata haihitaji mtambo mkubwa: vipimo vya kimo, uzito na unene wa kifua cha wachimbaji, ambao hupimika kwa mashine ya mawimbi-sauti, pamoja na sampuli za madini ya kila mgodi. Takwimu hizo zikikusanywa pande zote mbili za mpaka, uigaji utaanza kumpima mchimbaji mwenyewe.