Kompyuta ya mgongoni
Kompyuta ya mgongoni ni kompyuta ya betri inayobebwa kama shanta, ili mvaaji wa miwani ya uhalisia pepe atembee bila kufungwa na waya wa mezani. Miwani ya HTC Vive, iliyotoka 2016, ilikuja na kebo ya takriban mita 5 iliyopitisha picha, data na umeme. Aliyezunguka mara kadhaa iliweza kumzonga miguuni. MSI VR One na HP Z VR Backpack zilihamishia mashine mgongoni, lakini kebo ikabaki, na sasa kero ni urefu wake. Dawa bora, bila shaka, ni kebo fupi iliyoundwa kwa kazi hiyo. Mwenye ile ndefu huikunja kwa mizunguko mipana, maana kona kali hukata nyuzi za ndani, kisha huifunga kwa velkro kwenye mkanda wa bega, mbali na matundu ya feni. Nyuma ya shingo huachwa ulegevu kidogo, mvaaji aweze kuinama na kugeuka bila plagi kuchomoka. Miwani inayojitegemea, kama Oculus Quest ya 2019, haihitaji mzigo huo wote.