Una mswada Tarime au Serengeti? Fahamu unavyopimwa kabla ya kukubaliwa

Kijana wa Sirari au Mugumu anayeandika hadithi kwenye simu huwa na hofu moja: bila kumjua mtu Dar es Salaam, nani atamsoma? Ndiyo maana kuna utaratibu wa mswada kupimwa na wenzako, yaani waandishi na wataalamu wa fasihi wanausoma, wanautolea alama, ndipo uamuzi unafanyika.

Wapi pa kutuma

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inaratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Ilitolewa mara ya kwanza 13 Aprili 2023, siku aliyozaliwa Mwalimu, mwana wa Butiama, Mara. Mshindi wa kwanza alipata Sh10 milioni, na miswada ya washindi huchapishwa ili ifike shuleni.

Ipo pia Tuzo ya Safal ya Fasihi ya Kiswahili, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Hiyo inashindanisha waandishi wa nchi mbalimbali.

Usichanganye na jarida la Kiswahili la TATAKI, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nalo linapima kazi, ila linataka makala za kitaaluma. Ukituma riwaya huko umepotea njia.

Wanapimaje?

Kwa kawaida jina la mwandishi hufichwa, na msomaji zaidi ya mmoja hupewa mswada uleule. Wanaangalia lugha, wahusika, mtiririko na upya wa wazo. Kwa hiyo usiandike jina lako ndani ya mswada kama masharti yamekataza. Unaweza kuondolewa kabla hujasomwa.

Kabla ya kutuma

• Mpe kwanza mwalimu wa Kiswahili na rafiki msema kweli wausome.
• Maneno ya Kikurya, Kingoreme au Kiikoma yaache pale yanapobeba maana, kama ritungu. Msomaji wa Tanga aelewe kutokana na sentensi yenyewe.
• Hadithi uliyopewa na bibi ni mali ya jamii. Taja ilikotoka, usijifanye umeitunga.
• Soma masharti ya haki. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika. Ukisajili Ofisi ya Hakimiliki (COSOTA) unapata ushahidi.
• Baki na nakala, kwenye simu na kwenye barua pepe. Simu ikiibwa Nyamongo, riwaya isiondoke nayo.

Ukikataliwa

Ukipewa maoni, yasome mara mbili. Wasomaji wawili wakilalamikia ukurasa uleule, tatizo liko hapo. Wakitofautiana, amua wewe. Rekebisha, subiri msimu mwingine, tuma tena. Wengi huishia barua ya kwanza ya kukataliwa, na hadithi zao hubaki kwenye simu.