Roda Isiyo na Msuguano

Hadithi za watoto huanza na paukwa, pakawa. Maswali ya fizikia ya sekondari nayo yana mlango wake: kipande cha mbao kimewekwa juu ya meza, kamba nyepesi imepita kwenye roda, upande wa pili linaning'inia jiwe la mizani. Halafu linafuata sharti: chukulia kwamba roda haina msuguano. Basi, msomaji, umeshaingizwa kwenye nchi ambayo haipo. Baharia anayepandisha foromali kwa jarari hawezi kuchukulia hivyo. Gofia ikigoma, anaisikia mikononi.

Mmoja wa waliojenga nchi hiyo ni George Atwood, mwalimu wa Cambridge. Mwaka 1784 alichapisha kitabu kuhusu mwendo, na ndani yake akaeleza mashine inayoitwa kwa jina lake hadi leo. Tatizo lake lilikuwa hili: kitu kikiachiwa huanguka karibu mita 4.9 katika sekunde ya kwanza tu. Kwa saa za wakati ule, utapima nini hapo? Atwood akapunguza haraka. Alitundika mizigo miwili iliyo sawa kwenye ncha za kamba moja, kisha akauongezea mmoja uzito kidogo. Tuseme upande huu gramu 510, upande ule 490. Kinachovuta ni zile gramu 20 za tofauti, lakini kinachovutwa ni gramu 1,000 nzima. Mwendo unakuwa sehemu moja ya hamsini ya kuanguka bure, na sekunde ya kwanza mzigo unashuka kama sentimeta 10. Hiyo hata jicho linaifuata.

Lakini tazama alivyohangaika na roda! Ekseli yake hakuiweka kwenye tundu. Aliilaza juu ya magurudumu mengine madogo yanayozunguka nayo, ili msuguano upungue. Yaani ile "chukulia" tunayoiandika kwa sekunde mbili, yeye aliilipia kwa shaba na ufundi. Na bado haukuisha.

Mtu wangu katika habari hii, hata hivyo, ni Charles-Augustin de Coulomb. Vitabu vya shule humkumbuka kwa umeme. Kabla ya hapo alikuwa mhandisi wa jeshi la Ufaransa, akajenga ngome Martinique kwa miaka kadhaa na kurudi na afya mbovu. Chuo cha Sayansi cha Paris kilikuwa kimetangaza shindano kuhusu msuguano, na kilitaka majaribio makubwa yenye kufaa vyombo vya jeshi la majini. Guillaume Amontons alishasema mwaka 1699 kwamba msuguano hufuata uzito, wala si ukubwa wa eneo linalogusana, na wenzake wakamtilia shaka. Coulomb akaenda kwenye bandari ya Rochefort, akaweka meza imara, juu yake sanduku la kuburuza lenye mizigo, kamba, roda, na uzito unaoning'inia. Jamani, si ndilo swali letu lenyewe?

Tofauti ni kwamba yeye hakuufuta msuguano, aliupima. Na hesabu inabadilika kweli. Chukua mbao ya kilo 3 mezani na jiwe la kilo 2 linaloning'inia. Kamba ni moja, kwa hiyo mwendo ni mmoja: bila msuguano, vyote viwili vinachapuka kwa mita 3.92 kwa sekunde, kila sekunde. Weka msuguano wa 0.4 ya uzito wa mbao, inabaki 1.57. Sehemu tatu kati ya tano zimeliwa na meza!

Kuna zaidi. Coulomb aliona kwamba mbao zilizotulia juu ya mbao hushikana zaidi kadiri zinavyokaa, mpaka baada ya muda mfupi zifikie kikomo. Kama mbao yetu imetulia hadi mshiko ukawa 0.7, jiwe la kilo 2 haliing'oi, maana linatakiwa zaidi ya kilo 2.1. Ukiisukuma kidogo, inaondoka na kuendelea. Kwa anayeshusha meli majini, hilo si jambo dogo.

Tuzo aliipata mwaka 1781, na mwaka huohuo akachaguliwa kuingia kwenye chuo hicho. Atwood, kwa upande wake, alipewa kazi serikalini na William Pitt, na muda wake mwingine akautumia kuandika hatua za michezo ya sataranji ya Philidor.